Mwaka Niliodarizi Shuka za Rukia

Ujumbe wa Rukia uko kwenye simu yangu siku ya tisa leo na bado sijaujibu. Ni wa sauti, hauzidi dakika mbili. Anaanza kwa salamu, analia kidogo, kisha ananiita dada kwa Kisomali na kusema: "Abaayo Dahabo, mama ametangulia. Tumemzika leo baada ya Alasiri. Kila aliyekosewa na mama tunamwomba amsamehe, kwa ajili ya Allah." Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akifa, jamaa zake huwazungukia walio hai wakimwombea msamaha, na walio hai hujibu upesi, nimesamehe, nimesamehe, kwa kuwa hakuna anayetaka kuonekana amemfungia maiti kinyongo. Nilisafiri hadi Garissa kwa tazia. Nilikaa mkekani na wanawake, nikala wali wao, nikawasikiliza wakisema Eeddo Shamsa alikuwa mama wa kila mtu. Mmoja akanigeukia mbele ya wote akaniuliza, "Na wewe, si ndiye aliyekufungulia njia? Sindano inayokulisha mpaka leo si uliipata nyumbani kwake?" Wote wakaitikia, mashallah, mashallah. Nikainamia sahani yangu. Nilikuwa na hasira mpaka taya zikaniuma, na niliogopa kwamba nikifungua mdomo nitaharibu tazia ya watu. Ndiyo maana naandika. Hapa hakuna wa kuniambia shukrani ya punda ni mateke.

Habari za ukoo nitaziacha, hazina haja. Inatosha kujua kwamba Eeddo Shamsa, mama yake Rukia, alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, na kwamba mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwenye shule ndogo ya huko nje, barabara ya Wajir, nikafaulu, nikaletewa barua ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya wasichana mjini Garissa. Barua hiyo niliisoma mara nyingi hadi nikaijua kwa moyo, pamoja na idadi ya soksi. Lakini ukame ulikuwa umewamaliza ngamia wetu, na baba hakuwa na la kufanya ila kutazama chini. Eeddo akaja mwenyewe kunichukua. Alimwambia baba, nikiwa nimesimama hapo hapo, "Mwaka huu akae kwangu, anisaidie kumwandalia Rukia vitu vya harusi. Nitazungumza na shule wamshikie nafasi. Januari ijayo nitampeleka kwa mkono wangu." Baba aliinua uso kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Eeddo akaikunja barua yangu, akaitia kwenye mkoba wake ili isipotee, nami nikampa kwa furaha. Wazee husema ahadi ni deni. Sijui kwa nini hawasemi nani hulidai wakati mdai ni mtoto.

Nyumba ya Eeddo ilikuwa na sebule ambayo hakuna aliyeikalia. Makochi yalivishwa vitambaa, vitambaa vikafunikwa kwa nailoni, na kabati la vioo lilijaa vikombe visivyowahi kuona chai. Ilinukia uunsi, ubani wetu, asubuhi na jioni. Mimi nililala stoo, kati ya magunia ya mchele na katoni za pasta, kwenye godoro lililokuwa jembamba lakini safi. Asubuhi Eeddo mwenyewe alipika anjera, chapati zetu za maji, akazimwagia mafuta ya simsim na sukari, na chai ya maziwa ya ngamia ikaja ikitoa moshi. Ya kwanza kutoka kwenye chuma alinipa mimi. "Kula, eeddo, umekonda," aliniambia. Kwetu shangazi na mtoto wa kaka yake huitana jina hilo hilo moja, eeddo kwa eeddo. Mchana ulikuwa wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, tukila mimi na Rukia kwenye sinia moja jikoni, Rukia akiiga sauti za majirani mpaka nacheka na wali mdomoni. Sitadanganya, miezi ya kwanza nilikuwa na raha. Ukarimu huo nao unanikasirisha sasa, maana ungekuwa ukatili mtupu ningekimbia mapema.

Aliyenifundisha sindano hakuwa Eeddo, hata kama wanawake wa tazia wanataka iwe hivyo. Alikuwa Bi Mwanaesha, mwanamke wa Lamu aliyepanga vyumba viwili upande wa pili wa ua huo. Mumewe alikuwa karani wa ofisi ya maji. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, kimenyooka, na ninachokiandika hapa nilikipata kwake pamoja na uzi. Kitandani kwake alikuwa na shuka nyeupe iliyodariziwa kwa uzi mweusi peke yake, kazi aliyofundishwa shuleni na mwalimu wa sayansi kimu. Hapakuwa na waridi jekundu wala tausi wa kijani. Ilikuwa mistari, miraba na nyota ndogo zilizojibanza pamoja, nyeusi juu ya nyeupe, hadi kwa mbali ukadhani ni maandishi. Eeddo aliiona akaipenda ghafla. Kila bibi harusi wa Garissa alikuwa na shuka za maua za dukani, na yeye alitaka bintiye awe na kitu ambacho hakuna mwenzake aliyekuwa nacho. Alimwambia Bi Mwanaesha kwa Kiswahili chake, "Hii Rukia mkono yake nzito, hawezi. Fundisha hii Dahabo. Bole bole, lakini mbaka mwisho." Kisha akanigeukia, na kwa Kisomali akaniambia kwamba nje ya ua huu kazi itaitwa ya Rukia. Wanawake wa upande wa bwana harusi huja kutazama vitu kabla ya harusi, hupindua kitambaa waone nyuma yake, na bibi harusi ni lazima aseme amekishona kwa mikono yake. Niliitikia. Nilijiambia shuka ni zake, jina ni lake, shule ni yangu.

Kuanza kulikuwa adhabu. Darizi hii haichorwi kwanza kwa penseli. Unahesabu nyuzi za kitambaa chenyewe, nne unaziruka juu, nne unapita chini, unakwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, halafu unageuka na kurudi njia ile ile ukijaza mapengo uliyoyaacha. Ukihesabu sawasawa, nyuma inafanana na mbele. Ukikosea uzi mmoja hujui saa hiyo. Unajua kesho yake, nyota inapokataa kufunga. Wiki ya kwanza nilifumua kuliko nilivyoshona. Kitambaa changu cha kujifunzia kiligeuka kijivu kwa jasho na machozi, na Bi Mwanaesha akakiinua kwa ncha za vidole kama samaki aliyelala. "Mwanangu," aliniambia, "hapa umehesabu au umekisia?" Nikasema nimehesabu. "Basi umehesabu huku moyo uko wapi?" Nikasema shuleni. Hakucheka. Alinikalisha kwenye mwanga wa mlango, akanipa sindano butu isiyopasua nyuzi, akanionyesha namna ya kuficha mkia wa uzi bila kupiga fundo, kwa sababu fundo huonekana nyuma. Siku ya nyota ya kwanza iliyofunga nilipiga kelele, Rukia akaja mbio akidhani nimejichoma. Kilichoniuma zaidi baadaye ni kwamba nilikuja kuipenda kazi ile. Niliipenda sana, na hakuna aliyenilazimisha kuipenda.

Mwezi wa tano niliwasikia. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ile joto la Garissa linapomlaza kila mtu, na mimi nilikuwa stoo chini ya dirisha nikihesabu. Eeddo na Bi Mwanaesha walikuwa barazani wakinywa chai. Eeddo akasema, "Hii msichana mkono yake dhahabu. Mkono kama hii haibeleki shule." Bi Mwanaesha akajibu taratibu, "Lakini Bi Shamsa, mtoto amefaulu, na babake umempa ahadi." Eeddo akacheka. "Rukia naenda kwa bwana yake Wajir. Mimi nabaki na nani? Na baka?" Alimaanisha paka wa jikoni, na kweli paka alikuwepo. Bi Mwanaesha akasema, "Mola atakuuliza," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari. Mimi nilikuwa nimepoteza hesabu. Nikaanza mstari upya, nikajiambia ni mzaha tu, watu wazima hutaniana. Nina hasira na Eeddo, lakini nina akiba nyingine ya hasira kwa yule msichana wa chini ya dirisha aliyesikia kila neno na akachagua kuhesabu nyuzi. Ningeweza kutoka siku hiyo hiyo, nivuke daraja, niulize shuleni kwa mdomo wangu. Shule yenyewe haikuwa mbali. Nilidhani kuuliza ni kumvunjia Eeddo heshima.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana nalo lipo. Bi Mwanaesha alijua nakshi tatu tu, nyota, ngazi na kile alichokiita mlango. Kwa mito miwili zilitosha. Kwa shuka kubwa hazikutosha, na katikati palibaki uwanja mweupe ambao kila nikiutazama ulinichokoza. Mwezi wa nane mumewe alihamishwa kwenda Mombasa, akaondoka na mwalimu wangu, nikabaki peke yangu na uwanja ule. Nikaujaza kwa michoro niliyoijua mimi. Mtoto wa wafugaji hujua chapa za mifugo kabla ya kujua herufi. Ya kwetu, ile baba aliyowachoma ngamia wake shingoni, ilikuwa mstari uliosimama, mwingine mfupi ukiukata karibu na kichwa, na miraba miwili midogo pembeni. Nilikuwa nimeichora mchangani maisha yangu yote. Kwenye kitambaa ilikaa kana kwamba ilitengenezwa kwa hesabu ya nne nne. Nikaishona moja, nikaipenda. Nikaishona ya pili ikiitazama ya kwanza, zikafanya umbo kama ua. Nikaendelea hadi uwanja wote ukajaa. Wallahi sikuwa na nia nyingine. Ngamia wenyewe walikuwa wamekufa, na nadhani nilifurahi kuiona chapa yao mahali penye uhai. Eeddo alikulia mjini na hakuwahi kuchunga hata mbuzi. Aliitazama, akaona ua zuri, akanisugua vidole kwa mafuta ya simsim.

Wanawake wa Wajir walifika wiki ya mwisho ya likizo ya Desemba, siku chache kabla ya harusi. Kwa mara ya kwanza nailoni iliondolewa kwenye makochi. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Rukia alikaa katikati, mikono ina hina mbichi, na Eeddo akaikunjua shuka mapajani mwa nyanya wa bwana harusi, ayeeyo kwa Kisomali, ajuza mwenye macho makali na kidole cha shahada kirefu. Wakaipindua nyuma. Wakaguna kwa kustaajabu. "Umeshona mwenyewe?" akaulizwa Rukia. "Mwenyewe, ayeeyo, kwa mikono yangu." Kidole cha ajuza kikatembea juu ya nyota, kikapita ngazi, kikafika katikati na kusimama. Kikazunguka chapa moja, mstari, mkato, miraba miwili. Akaifuata nyingine. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Hii naijua. Nimewanywesha ngamia wenye alama hii kisima kimoja na wetu. Hii ni chapa ya wajomba zake." Akamtazama Rukia. "Binti, wewe ni wa ukoo wa baba yako, na Jumanne unaingia kwetu. Nani amekupiga chapa ya ukoo wa mama? Wamekuuza kwetu au wametuazima?" Mmoja wa wanawake akacheka kwa puani. Kwa watu wa mjini ni ua. Kwa aliyechunga, mnyama ni wa aliyemchoma, na chapa kama hiyo katikati ya kitanda cha maharusi ni kusema wajomba bado wanamdai mtu wao.

Rukia alinitazama. Namkumbuka vizuri, uso wake ukiwa umejaa poda. Angeweza kusema ni ua, hakujua. Alisema, "Si mimi, ayeeyo. Ni Dahabo aliyeshona." Mwaka mzima jina langu halikutajwa kwenye kazi ile, na siku lilipotajwa lilitajwa kwa lawama. Wageni wote wakanigeukia na birika langu. Ajuza akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akauliza, "Yote umeshona wewe?" Nikasema yote. Akasema, "Mikono mizuri, akili ya ndama," na akaomba sukari iongezwe kwenye chai yake. Wageni walipoondoka Eeddo hakunipiga. Alikuja stoo, akanitupia shuka, akasema, "Fumua kila moja. Harusi ni Jumanne. Hutoki kwenye chumba hiki mpaka nyeupe iwe nyeupe." Nikamwambia shule inafunguliwa Jumatatu. Akanijibu, "Shule ya nani?" akatoka.

Nilifumua siku mbili. Kufumua uzi mweusi kwenye kitambaa cheupe ni kazi ya kukufanya uchukie mikono yako mwenyewe. Uzi unatoka, lakini unaacha vumbi lake kwenye matundu, na pale palipokuwa na chapa panabaki kivuli cha kijivu ambacho maji ya Garissa hayakitoi. Kila moja ilinichukua siku nzima kuishona na robo saa kuing'oa. Jumatatu asubuhi zilikuwa zimebaki chache. Nikaichoma sindano kwenye godoro, nikavaa gauni langu safi na hijabu, nikatoka. Barua sikuwa nayo, ilikuwa kwenye mkoba wa Eeddo na mkoba ulikuwa kwapani mwake, lakini nilikuwa naijua kwa moyo. Rukia alikuwa uani akisuguliwa liwa miguuni na msusi. Aliponiona naelekea lango aliinuka, akanishika mkono mbele ya yule msusi. "Abaayo, usiende leo," alisema. "Ngoja harusi iishe, nitakueleza mwenyewe." Nikadhani anaogopea shuka yake. Nikamwambia aimalizie, si aliishona kwa mikono yake? Nikatoka. Miaka yote hii Rukia hajanieleza. Amezaa, ameoza watoto, amenialika harusi zote, na katika ujumbe wake wa sauti anamwombea mama yake peke yake.

Nilivuka daraja kwa miguu, jua likiwa tayari kali. Mbele ya ofisi ya shule wasichana walikuwa wamejipanga na masanduku yao ya bati na magodoro yaliyofungwa kwa kamba, wengine wakilia, na mimi sikuwa na hata kalamu. Wazazi waliokuwa nyuma yangu waliniuliza mtu wangu yuko wapi, nikasema anakuja. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa bara, mpole, amechoka. Nilimtajia jina langu na la baba, nikamwambia mwaka jana mlinishikia nafasi. Aliinuka, akatoa faili, akapekua, akasimama kwenye ukurasa mmoja kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Hatukukushikia nafasi," alisema. "Hakuna aliyetuomba. Ilipofika Februari tuliletewa barua, tukampa msichana mwingine. Sasa hivi yuko kidato cha pili. Na mwaka huu, mama, unaona mwenyewe foleni ilivyo." Nikamwambia hakuna barua iliyotoka kwetu, shangazi yangu hajui kuandika. Akaligeuza faili juu ya meza ili nisome.

Ilikuwa karatasi ya daftari. Nikaujua mwandiko kabla ya kusoma neno. Nilikuwa nimeusoma mwaka mzima kwenye orodha za sokoni, herufi zimelalia kushoto na juu ya kila i kiduara badala ya nukta. Ilikuwa imeandikwa wiki ya tatu baada ya mimi kufika, siku zile tukila sinia moja na akinichekesha. Ilisema kwa Kiswahili cha shule kwamba familia inashukuru, lakini Dahabo hatajiunga tena na masomo kwa kuwa ameolewa, na jina la mume lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu, Abdirashid, pamoja na la babake na la babu yake, wa Wajir. Nadhani alipofika pale kwenye mume alikosa jina la kubuni, akaandika lililokuwa moyoni mwake.

Mwalimu mkuu aliona nimeacha kusoma. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusikia hapana, "Huyu mtu unamjua?"

Nikamwambia namjua. Nimemshonea shuka na mito miwili, na kesho anamwoa aliyeandika barua hii.